"Mimi sikugusa triga": kisa cha bunduki ya Remington

Najua nimepotea humu tangu mwezi wa tisa, na mama mdogo ameshaniuliza mara mbili kwenye simu kama nimeacha kuandika. Sijaacha jamani, ni zamu za usiku tu, na baridi ya hapa Minnesota ambayo mwaka huu haikutaka kusubiri Desemba.

Novemba huku ni msimu wa kuwinda kulungu. Utawaona watu wazima wamevaa makoti ya rangi ya machungwa kama mafundi wa barabara, wanaingia porini kabla hakujakucha. Jirani yetu, mzee wa miaka sabini na kitu, hutuletea mguu wa kulungu kila mwaka nami namrudishia maandazi. Mwaka huu alikuja na ombi: mwanangu wa kiume, mwenye miaka 9, aende naye siku moja akaangalie tu, hatashika chochote. Mtoto akaanza kurukaruka kabla sijajibu. Nikauliza swali ambalo mama yeyote angeuliza: "Hiyo bunduki yako ni salama?"

Mzee hakunijibu upesi. Alikwenda kwake akaileta, akanionyesha kwanza kwamba haina risasi, ndipo akaketi. "Sasa ni salama," akasema. "Kwa miaka arobaini nilidhani ni salama." Kumbe bunduki yenyewe haijawahi kumsumbua hata siku moja, ila triga yake aliibadilisha baada ya kupata taarifa za kesi kubwa mahakamani. Tulikaa jikoni saa nzima. Baada ya hapo nikawa kila nikitoka zamu nasoma habari za triga hiyo. Mjomba aliwahi kuniuliza kama bunduki za Wamarekani huwa hazijifyatui zenyewe. Mjomba, jibu lako ni hili.

Tuanzie mwanzo. Remington ni jina la zamani sana. Eliphalet Remington alianza kutengeneza bunduki katika jimbo la New York mwaka 1816, na kiwanda kikakaa katika mji mdogo wa Ilion. Baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ilitaka bunduki mpya ya kuwindia, ya bei nafuu na yenye shabaha nzuri. Mhandisi wao Merle Walker, ambaye watu walimwita Mike, akabuni triga mpya, yaani kile kijichuma unachovuta kwa kidole pamoja na vyuma vilivyofichwa nyuma yake. Ilitoka mwaka 1948 ndani ya bunduki aina ya Model 721 na 722. Mwaka 1962 ikaingia kwenye Model 700, na hiyo ndiyo iliyouzwa kwa mamilioni. Hata wanajeshi wa Marine waliichukua bunduki hii mwaka 1966, wakati wa vita ya Vietnam, kwa ajili ya walenga shabaha wao. Kwa hiyo msidhani nazungumzia gobore la kichochoroni. Hii ilikuwa bunduki ya kujivunia, baba anamwachia mwanawe.

Watu waliipendea wepesi wa triga. Triga nzito inakutikisa mkono, shabaha inapotea. Ya Walker ilikuwa inavutika laini, tena ilikuwa na skrubu ndogo za kurekebishia: ya uzito wa kuvuta, ya umbali ambao triga inasogea, na ya kiasi ambacho vyuma vya ndani vinashikana. Kiwandani skrubu hizo zilifunikwa kwa gundi ili mtu asizichezee. Lakini mnawajua binadamu. Wapo waliokwangua gundi na kuzikaza au kuzilegeza wenyewe mezani kwao, na hilo baadaye likaipa kampuni hoja ya kujitetea.

Sasa kasoro yenyewe. Ndani ya triga Walker aliweka kijichuma chembamba cha kati ambacho hakikufungwa moja kwa moja na triga. Kinashikiliwa na springi. Juu yake ndipo kinapokaa chuma kinachozuia pini isiruke kugonga risasi, na sehemu wanayoshikana ni ndogo mno, haifiki milimita moja. Kila ukipiga risasi, kile kijichuma kinaachana na triga kidogo, halafu springi inakirudisha. Ikiingia chembe ya vumbi, au kutu, au mafuta yaliyoganda kwa baridi, kinaweza kisirudi mahali pake sawasawa.

Fikirieni mlango ambao komeo halijaingia vizuri, lakini kuna mtu ameuegemeza kiti. Mlango umefungwa, ndiyo, ila kinachouzuia ni kiti. Kwenye bunduki hii kiti ni ile swichi ya usalama. Mwindaji anaisogeza swichi ili awe tayari au ili atoe risasi, kiti kinaondoka, bunduki inalia. Kidole chake hakijagusa triga.

Kampuni ilijua mapema. Karatasi zake za ndani, ambazo zilikuja kutolewa mahakamani, zinaonyesha kwamba majaribio ya mwaka 1947, kabla bunduki haijaingia sokoni, yaligundua bunduki ya mfano ikifyatuka swichi inapoachiwa. Mwaka 1948 Walker mwenyewe alipendekeza marekebisho ya kuizuia triga isisogee wakati swichi imefungwa. Gharama iliyokadiriwa ilikuwa senti tano na nusu za dola kwa kila bunduki. Haikufanyika.

Malalamiko yakaanza kuja, yakawa mengi hadi kampuni ikawa na vifupisho vyake: herufi hizi kwa bunduki iliyofyatuka swichi ilipoachiwa, herufi zile kwa iliyofyatuka chemba ilipofungwa. Mteja alikuwa anairudisha bunduki kiwandani, wanaijaribu mara nyingi, haifyatuki. Kisha anajibiwa kwamba tatizo halikuweza kurudiwa. Na kweli halikurudiwa, maana ile chembe ya vumbi ilishatoka na risasi ileile iliyoleta lawama. Anayebaki na aibu ni mtu aliyeshika bunduki, anayesema "mimi sikugusa triga" na hakuna anayemwamini.

Mwaka 1978 kampuni ililipa dola milioni 6.8 kumaliza kesi ya mwanasheria wa Texas aliyepooza kwa risasi ya bunduki yao nyingine, iliyotokana na Model 600. Bunduki za aina hiyo, kama 200,000, waliziita zirudi. Lakini Model 700 wakaiacha. Kumbukumbu za kikao chao cha Januari 1979 zinaeleza sababu: walikadiria kwamba asilimia moja tu ya bunduki za zamani ndiyo inaweza kuwa na shida, hivyo wangelazimika kukusanya milioni mbili ili kuzipata elfu ishirini. Niliisoma hesabu hiyo mara tatu. Elfu ishirini ilionekana idadi ndogo.

Tena bunduki zilizotengenezwa kabla ya 1982 zilikuwa na jambo jingine baya. Usingeweza kufungua chemba kutoa risasi mpaka kwanza uondoe swichi ya usalama. Yaani ili uifanye salama, ilikubidi upitie palepale penye hatari.

Oktoba 2000, huko Montana, familia moja ilikuwa inarudi kutoka kuwinda. Mama akataka kutoa risasi kwenye Model 700 yao. Akaisogeza swichi, bunduki ikalia. Risasi ilipenya tela la farasi ikampata mwanawe upande wa pili. Mtoto alikuwa na miaka 9. Jina lake liko kwenye magazeti, ila mimi sitaliandika hapa, mniwie radhi. Baba yake hakunyamaza. Alianza kutafuta, akakuta kwamba kuna watu wengine wengi, kila mmoja kwao, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

Mtauliza, serikali ilikuwa wapi? Hata mimi niliuliza. Marekani ina tume ya kusimamia usalama wa bidhaa, iliyoundwa kwa sheria ya 1972. Inaweza kuondoa sokoni pasi, kitanda cha mtoto, hata bunduki ya kuchezea. Bunduki ya kweli haimo katika mamlaka yake. Kiwanda kikitaka kuiita irudi, kinaiita chenyewe.

Kuanzia mwaka 2006 kampuni ilianza kuweka triga mpya, X-Mark Pro, isiyo na kile kijichuma cha kati. Watu wakapumua, wakanunua bunduki mpya wakijua ya zamani yamekwisha. Aprili 2014 kampuni ikatangaza kwamba hata hizo mpya zisitumike kwanza, zirudishwe: zote za Model 700 na Model Seven zenye triga hiyo zilizotengenezwa kuanzia tarehe 1 Mei 2006 hadi 9 Aprili 2014. Safari hii sababu ilikuwa gundi iliyozidi wakati wa kuunganisha triga, ambayo ingeweza kufanya bunduki ifyatuke bila kukusudiwa.

Machi 2017 mahakama ya shirikisho ilipitisha makubaliano ya kesi ya pamoja iliyohusu bunduki milioni 7.5, wenyewe wabadilishiwe triga bure au walipwe kidogo. Kampuni haikukiri kosa. Siku zote msimamo wake ulikuwa kwamba bunduki ni salama na ajali zinatokana na uzembe, utunzaji mbaya na watu kuchezea skrubu. Hadi wakati ule walioomba walikuwa kama 22,000 tu. Jirani yangu alikuwa mmoja wao. Muda wa kuomba ulikwisha 2020, mwaka uleule ambao kampuni ilifilisika mara ya pili na kuuzwa vipande vipande. Kiwanda cha Ilion kilifungwa 2024. Nyingi ya zile bunduki bado ziko makabatini mwa watu.

Sasa niwaambie kwa nini kisa hiki kimenikaa kooni, mimi ambaye bunduki siijui.

Miaka michache nyuma, wodini, mgonjwa alipata dawa haraka kuliko alivyoandikiwa kupitia mashine ya dripu. Alipona, Mungu mkubwa. Muuguzi mwenzetu alisema, "Mimi sikubadilisha namba." Mashine ikapelekwa kwa mafundi, wakaipima, wakasema haina tatizo, hawakuweza kulirudia. Hakuna aliyemwita mwongo. Tulikaa kimya tu, tukaanza kumkagua kazi yake mara mbili. Baada ya miezi kadhaa aliacha kazi. Nami nilikuwa miongoni mwa waliokaa kimya. Inawezekana kweli alikosea namba, usiku wa manane kila mtu hukosea. Lakini sikumuuliza swali hata moja. Jibu la fundi lilinitosha.

Tukisomea uuguzi tulifundishwa kwamba mgonjwa akisema anaumwa na vipimo havionyeshi kitu, unaandika alichosema, kama alivyosema. Ndiyo maana hata ajali iliyokoswakoswa tunaijazia fomu. Fomu moja peke yake haina maana. Zikifika hamsini, kila moja na mtu wake asiyemjua mwenzake, ndipo unaona ni mashine. Ila lazima kuwe na mtu wa kuziweka pamoja, na asiwe yule anayepoteza pesa zikiwekwa pamoja.

Wiki iliyopita nilimtafuta yule mwenzetu, nikamwandikia. Bado hajajibu, na sijui kama atajibu.

Kuhusu mwanangu: mwaka huu hakwenda. Mzee hakukasirika. Alinionyesha ndoo ya mchanga aliyoweka nje ya banda lake. Kabla hajasogeza swichi huelekeza mtutu mchangani, kila mara, hata sasa ambapo triga ni nyingine. Mtoto kanuna siku mbili, halafu nyama ilipofika akasahau. Nimeipika na nazi ya kopo, si kama ya shangazi lakini ililika.

Haya ndugu zangu, saa zinakwenda, nikalale kidogo kabla ya zamu. Msalimieni bibi, na mwambieni dawa ya presha haiachwi hata akijisikia nafuu. Tuonane tena Mungu akipenda.