Kompyuta na Wapangaji Wake

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wanafunzi wangu hucheka kila ninapoutaja uamuzi huo darasani. Husahau kwamba uliitanguliwa na mradi wa kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine ya Wizara ya Fedha, mradi ulioshindwa huku maarifa ya kuuendesha yakiwa mikononi mwa wataalamu wa kigeni. Swali la watawala wale halikuwa la kijinga: mashine hii inamtumikia nani? Jibu lao ndilo lililokuwa butu.

Swali hilo nililikuta tena Milepa, katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Mtumishi mmoja wa kata alikuwa na kompyuta mpakato mpya, na bando lake lilikuwa limekwisha kabla hajatuma taarifa hata moja wilayani. Ndani tulikuta programu ya majaribio ya kuzuia virusi, michezo, na duka la mtengenezaji, zote zikijisasisha kwa fedha yake. “Mwalimu, hawa nani amewaalika?” aliniuliza.

Waalikaji ni wa zamani. Hadi 1994, mikataba ya Microsoft iliwatoza watengenezaji wengi ada kwa kila mashine yenye kichakato cha aina fulani, hata ikiuzwa bila mfumo wa Microsoft. Makubaliano na Serikali ya Marekani yalikomesha utaratibu huo, lakini mwaka 1998 pande hizo zilirudi mahakamani, safari hii kwa sababu ya kivinjari cha Internet Explorer. Novemba 1999, Jaji Thomas Penfield Jackson alieleza kwa kirefu jinsi kampuni hiyo ilivyowazuia watengenezaji kukiondoa. Sababu ilikuwa rahisi: kile ambacho mnunuzi hukikuta tayari, wengi hukitumia mpaka mashine inakufa. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya ilitoza faini ya euro milioni 497 na, pamoja na mengine, ikaagiza Windows iuzwe pia bila kichezeshi chake cha muziki na video. Toleo hilo karibu hakuna aliyelitaka. Mazoea yalikuwa yameshafanya kazi yake.

Watengenezaji nao walijifunza. Faida ya kompyuta ya bei nafuu ni ndogo, hivyo nafasi iliyomo ndani yake huuzwa kwa kampuni za programu kama kuta za barabarani zinavyouzwa kwa matangazo. Mnunuzi hulipa mara mbili: dukani, kisha kwa macho na bando lake. Ubaya wa biashara hiyo ulionekana wazi Februari 2015, ilipobainika kuwa baadhi ya kompyuta za Lenovo zilikuwa zimeuzwa na programu iitwayo Superfish. Ili kupachika matangazo, programu hiyo iliweka cheti chake ndani ya Windows na kujiingiza kati ya mtumiaji na tovuti salama, zikiwemo za benki. Ufunguo wa cheti ulikuwa mmoja kwa mashine zote, na watafiti waliupata upesi. Lenovo ililazimika kutoa zana ya kuiondoa, kwa kuwa kufuta programu peke yake kulikiacha cheti mahali pake.

Kwetu upande wa pili wa historia hii ndio unaoniuma. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia na kupigia hesabu, ya Kiswahili na ya bure. Mtumishi wa Milepa hajawahi kuisikia. Haikukosa lugha wala bei nzuri; ilikosa kuwamo kwenye mashine siku inapofunguliwa. Mchezo wa karata ulimfikia bondeni bila kuombwa, na kazi ya chuo chetu wenyewe haikumfikia.

Tulizifuta zile programu moja baada ya nyingine katika orodha iliyo kwenye mipangilio ya Windows, tukiviacha viendeshi vya vifaa. Kingavirusi ya majaribio ilipoondoka, ile ya Windows yenyewe ikashika zamu. Anayetaka usafi kamili anaweza kusakinisha Windows upya kwa flashi. Leseni ya kompyuta nyingi za sasa imehifadhiwa ndani ya mashine, hainunuliwi tena. Asitumie tu sehemu ya urejeshaji ya mtengenezaji, maana mara nyingi huwarudisha wapangaji walewale. (Wenyeji hulifasiri jina Sumbawanga kuwa “tupa uchawi”, mtumishi yule aliukumbuka utani huo kabla yangu.)

Lakini kufuta kompyuta moja moja ni kazi ya kuchota ziwa kwa kikombe. Zabuni za umma nilizowahi kuzisoma hutaja ukubwa wa diski, kumbukumbu na kioo. Sijaona inayodai mashine ije bila programu za wahisani wasiojulikana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na kompyuta ya kata hubeba majina ya kaya nzima. Afisa manunuzi anayesoma haya anaweza kuongeza sentensi mbili katika zabuni ijayo: mashine iletwe ikiwa na mfumo endeshi na viendeshi pekee, na programu ya ofisi yenye menyu ya Kiswahili iwe imesakinishwa.