Anuwai ya Kijenetiki katika Bakteria wa Vyakula vya Baharini

Anuwai ya kijenetiki ni jumla ya tofauti za jeni zilizopo miongoni mwa viumbe wa spishi moja. Neno anuwai limekwisha kuzoeleka kupitia istilahi bioanuwai, inayotaja wingi wa viumbe wa kila namna; kijenetiki hulibana liangalie jeni peke yake. Istilahi hii hutofautiana na mageuko. Anuwai ni hali iliyopo kwa wakati fulani, na mageuko ni mwendo wa hali hiyo kubadilika kizazi baada ya kizazi.

Mfano ulio wazi ni Vibrio parahaemolyticus, bakteria wa jenasi moja na yule wa kipindupindu. Huishi katika maji ya chumvi ya pwani na kwenye milango ya mito, hushikamana na magamba ya kamba na kaa, na hurundikana ndani ya chaza. Alitambuliwa na Tsunesaburo Fujino huko Osaka, Japani, mwaka 1950, baada ya watu 272 kuugua na 20 kati yao kufa kwa kula samaki wadogo waliokaushwa. Anayeambukizwa huhara, husokotwa na tumbo, hutapika na pengine hupata homa.

Hata hivyo, wengi wa bakteria hawa walioko baharini hawamdhuru binadamu. Wanaopatikana kwa wagonjwa kwa kawaida hubeba jeni iitwayo tdh, au trh, au zote mbili. Jeni hizo hutengeneza sumu zinazopasua chembe nyekundu za damu. Spishi ni moja, lakini hatari haigawanyiki sawa.

Anuwai hiyo ina vyanzo viwili vikuu. Cha kwanza ni makosa madogo yanayotokea DNA inaponakiliwa. Cha pili ni uhamisho mlalo wa jeni. Urithi wa wima hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Ule wa mlalo hupita kati ya bakteria wasio mzazi na mtoto. Virusi vya bakteria huweza kubeba jeni, plasmidi, yaani vipete vidogo vya DNA, huweza kuvuka kutoka seli moja hadi nyingine, na bakteria huweza kufyonza DNA iliyotapakaa majini. Jenomu ya Vibrio parahaemolyticus, yaani DNA yake yote, iliyochapishwa mwaka 2003 ilionyesha kromosomu mbili, na kwenye ile ndogo kuna kisiwa cha jeni chenye tdh pamoja na jeni za mtambo wa kudungia protini ndani ya seli za utumbo.

Mwaka 1996 nasaba ya bakteria hawa iliyopewa alama O3:K6 iliongezeka ghafla miongoni mwa wagonjwa wa Kolkata, India. Ilienea Asia, ikafika Amerika ya Kusini na Marekani, na mwaka 2004 ikagunduliwa Beira, Msumbiji. Herufi O na K hutaja sukari za ngozi ya nje ya bakteria na za utando unaomfunika. Baadaye zilipatikana alama nyingine, kama O4:K68, ambazo kwa kutazama alama tu zingeweza kudhaniwa kuwa nasaba ngeni. Ulinganisho wa jeni saba za msingi ulibainisha kwamba ni ukoo uleule uliobadilisha jeni za sukari za nje. Ndiyo maana alama ya nje pekee haitoshi kufuatilia mlipuko. Ukoo hujulikana kwa kusoma jeni.

Vivyo hivyo, ukaguzi wa vyakula vya baharini unaoishia kwenye jina la spishi haupimi hatari yenyewe. Unapaswa kuuliza pia ni jeni zipi zilizobebwa. Kwa mlaji, kinga haibadiliki na nasaba: baridi huzuia bakteria hawa kuongezeka, na moto wa kuivisha chakula barabara huwaua wote.