Maji yamezidi unga

Msemo wa Kiswahili unaotumiwa mtu anapobanwa na mambo kupita uwezo wake. Asili yake ni jikoni: anayesonga ugali, maji yakiwa mengi kuliko unga, huambulia uji. Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi ambako wengi huishi kwa vibarua, msemo huu husikika sana kodi ya nyumba inapotangulia mshahara. Mwaka 2022 msemo wenyewe ulikaribia kupoteza sitiari yake: pakiti ya unga ya kilo 2 ilipita shilingi 200, hadi serikali ilipoishusha kwa ruzuku hadi 100 mwezi Julai. Vijana husema tu wana presha, neno lisilo na ladha hiyo. Msemo haufai kwa usumbufu mdogo. Aliyekosa matatu akiusema atachekwa.