Asili ya Kitenzi cha Kiingereza "Spew" na Tarehe ya Maana Zake

Ni desturi ya watunga kamusi kuitanguliza maana ya mwili na kuiandika istiara chini yake, kana kwamba istiara aghalabu huzaliwa mwisho. Na desturi hiyo, ingawa ina manufaa, humpoteza msomaji afikiapo kitenzi cha Kiingereza spew, ambacho leo humaanisha kutapika, na pia kutoa kwa nguvu na kwa wingi moshi, moto, maji machafu au maneno ya uongo. Msomaji hudhani kwamba milima ya volkano na mabomba ya viwanda yaliliazima neno hili juzijuzi kutoka kwa mgonjwa. Hoja yangu ni kwamba sivyo.

Katika Kiingereza cha Kale neno lilikuwa spiwan, nalo lilibadili irabu yake ya kati katika wakati uliopita, kama vifanyavyo hata leo vitenzi vya kuandika na kuendesha katika lugha hiyo. Ndugu zake wametapakaa: speien kwa Wajerumani, spuere kwa Warumi, ptyein kwa Wayunani, spjauti kwa Walithuania. Chanzo cha mbali yumkini ni mwigo wa sauti ya midomo itemayo. Walakini la kuzingatia zaidi ni kwamba kwa Warumi, Wayunani na Walithuania maana ya msingi ni kutema mate, na kwamba Wulfila, askofu aliyefasiri Injili kwa Kigothi katika karne ya 4, alikitumia kitenzi speiwan pale Marko asimuliapo jinsi Yesu alivyotemewa mate usoni. Kutapika, basi, ni tawi tu. Shina ni kinywa kukitupa nje kisichostahili kukaa ndani.

Ithibati iliyo nzito kupita zote imo katika Beowulf, utenzi ambao nakala yake pekee, iliyoandikwa yapata mwaka 1000, iliunguzwa kingo katika moto wa London wa mwaka 1731, ikanusurika kwa rehema tusiyoweza kuishukuru vya kutosha. Humo joka, likiisha kuibiwa kikombe cha hazina yake, laanza kutema makaa ya moto, na kitenzi ni hicho hicho, spiwan. Moto, kwa hiyo, umo ndani ya neno hili tangu fasihi ya Waingereza ilipokuwa changa, karne nyingi kabla ya bomba la kwanza la kiwanda.

Baadaye Kilatini kiliwaletea Waingereza neno vomit. Wakatoliki wa Rheims, waliofasiri kutoka Kilatini mwaka 1582, walilichagua hilo katika Ufunuo 3:16. Wafasiri wa Mfalme James, mwaka 1611, waliandika spue, na wakaliandika tena katika Mambo ya Walawi, ambako nchi ndiyo iliyoyatapika mataifa yaliyotangulia. Naona neno la Kilatini limeelekea kwa matabibu, na lile la kale likabakiwa na nguvu na karaha.

Wafasiri wetu wa Biblia waliweka tapika katika aya zote mbili, nao hawakukosea, maana ndivyo zisemavyo lugha za asili. Lakini nyoka wetu hutema sumu, na bunduki hutema risasi. Hivyo mtunga kamusi atakayelieleza neno hili kwa Kiswahili atatenda insafu akianza na tema, ndipo afuatishe tapika.