Kilima kisicho na magofu

Anayekwenda Kilwa Kisiwani na kukodi kiongozi wake mwenyewe hahitaji maneno mengi. Kuta zinajieleza: huu ndio Msikiti Mkuu, kule Husuni Kubwa, na ukipanda mashua utafika Songo Mnara. Kiswahili cha pwani kimezoea mambo ya kale ya namna hiyo, ya mawe na chokaa, na kimeyapa jina: magofu. Magofu ya Gede, magofu ya Kaole, magofu ya Kilwa. Neno likaingia vitabuni, likapanda bara, likavuka Ziwa Tanganyika, likafika hadi Bukavu. Hapa limekosa pa kukaa.

Muulize mtu wa Kabare au wa Katana kama mlimani kwao kuna magofu. Atatazama huku na huku, ataona mihogo, migomba, maharagwe na mabati ya nyumba, kisha atakujibu bila kusita: "Hakuna kintu." Hajadanganya. Ameulizwa habari za kuta, amejibu habari za kuta. Nami ninayeishi kwa kutafsiri, na ambaye huombwa kuandamana na mgeni anayetaka kuonyeshwa "sites archéologiques", yaani mahali pa mambo ya kale, peke yake na kwa saa zake, nimejifunza kuliweka neno hilo mfukoni tangu tunapoondoka mjini.

Maana vitu vipo. Watafiti Jean Hiernaux na Emma Maquet walichapisha mwaka 1957, tena mwaka 1960, matokeo ya uchunguzi wao kuhusu zama za chuma katika Ruanda-Urundi na Kivu, na upande wa Kivu walitaja Tshamfu na Bishange. Vyungu walivyovikuta ni vya jamii inayoitwa Urewe. Hilo ni jina la mahali huko Siaya, magharibi mwa Kenya, ambapo vyungu vya aina hii vilielezwa kitaalamu mwaka 1948. Waliovifinyanga walikuwa wameenea kuzunguka Maziwa Makuu miaka ipatayo 2,500 iliyopita, na popote walipokaa waliacha vitu viwili: vigae, na lile ambalo kamusi za zamani zinaliita, bila haya yoyote, mavi ya chuma.

Kiongozi aliyesomea utalii huona aibu kulitamka. Atasema "mabaki yatokanayo na mchakato wa uyeyushaji wa madini ya chuma", na kabla hajamaliza sentensi mgeni ameshaanza kupiga picha za ziwa. Wewe sema mavi ya chuma. Jiwe jeusi, zito kuliko umbo lake, limejaa matundu ya mapovu, na upande mmoja unaonyesha lilivyotiririka kabla ya kuganda. Mtoto aliye karibu akisikia jina atacheka, kisha atakimbia nyuma ya jiko la bibi yake akuletee mengine. Mtoto huyohuyo ukimwuliza habari za magofu atakutumbulia macho.

Vigae navyo vina lugha yao. Kigae cha ubavuni hakisemi mengi kwa asiye mtaalamu, lakini ukibahatika kupata cha kitako, kigeuze. Chungu cha Urewe mara nyingi kina kibonyeo chini yake, kishimo cha mviringo kilichobonyezwa udongo ungali mbichi, na kidole gumba cha mtu wa leo hutulia mle barabara. Kwenye mdomo utaona mbavumbavu zilizochongwa sambamba, na chini yake mistari iliyokwaruzwa kwa mkono uliojua unakokwenda. Wataalamu wa mwanzo walivipa vyungu hivi jina kwa ajili ya kile kibonyeo, na kwa Kiswahili hakuna sababu ya kutafuta mbali: kitako tunacho, kubonyea tunako. Mfinyanzi yeyote wa sokoni Kadutu ataelewa unachozungumzia, na huenda akakukosoa namna unavyokishika.

Kama si magofu, basi mahali penyewe tupaiteje? Kiswahili kina maneno ambayo vitabu vya utalii vimeyasahau. Lipo ganjo, na lipo hame, mahame kwa wingi. Gofu ni habari ya jengo: kitu kilisimama, kikabomoka, mifupa yake imebaki. Ndiyo maana mtu aliyekondeana huitwa gofu la mtu. Hame ni habari ya watu. Walikuwapo, wakahama. Nyumba yenyewe inaweza kuwa ya matete na nyasi, isiache hata shimo la nguzo linaloonekana kwa macho, na bado hame ni hame. Jirani zetu wa ng'ambo ya mto Ruzizi wanayo amatongo yao, na maana ni hiyohiyo, makazi yaliyobaki bila wenyewe. Kwa milima hii, hame ndilo neno. Ningelipendekeza kwa yeyote anayetengeneza kibao cha kuelekeza wageni.

Ila nionye mapema: hame halikai kimya kama gofu. Hapa Kivu kitenzi kuhama kina vidonda vipya. Mgeni anauliza hame hili ni la lini, naye mzee wa kilima anajibu kwa kutaja vita, tena si vya kale. Kuna mahame ya miaka 1,500 na kuna mahame ya mwaka juzi, na wakati mwingine yako katika shamba moja. Kuna pia yale ambayo hayamo katika ratiba ya ziara yoyote. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilipoanzishwa mwaka 1970, kisha ikapanuliwa mwaka 1975, Batwa waliokuwa wakiishi msituni walitolewa bila kuulizwa. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliokubali kwamba haki zao zilivunjwa. Mtalii anayepanda kwenda kutazama sokwe hupita juu ya mahame yao, na kiongozi humwambia kuwa huu ni msitu wa asili. Sijui neno lililofanya kazi kubwa kuliko hilo "asili" katika kufuta nyayo za watu.

Sasa tuje kwenye kuchimba. Hapa ndipo istilahi inapoweza kumtia mtu matatani. Pwani ukisema wataalamu wamekuja kuchimba, watu wataelewa kisima au msingi wa nyumba. Kivu Kusini kuchimba ni dhahabu, ni kasiteriti, ni koltani. Mchimbaji ni kijana aliyeondoka nyumbani kwenda Kamituga. Mwambie mwenye shamba kuwa mgeni wako anapenda kujua walipochimba Wabelgiji, na tayari umemwambia kwamba chini ya mihogo yake kuna mali, na kwamba mzungu amekuja na ramani. Kesho yake utakuta mashimo. Nimeona watu wakijaribu kujiokoa kwa kusema kufukua, na mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu kinachofukuliwa ni kaburi.

Kilichobaki ni kuchimbua. Herufi moja ya ziada, lakini ndiyo iliyotuzalia chimbuko, asili ya jambo, na hapo hata mwenye shamba aliyekuwa amekunja uso hulegea: hawa wanatafuta chimbuko. Kifaa chao kikuu nacho ni mwiko, uleule wa fundi mwashi, ambao mafundi wa Bukavu wanauita kwa Kifaransa. Napenda sana kwamba kwa Kiswahili mwiko ni pia lile lisilofanywa. Mchimbuzi ana mwiko mkononi na mwiko kichwani. Wa mkononi hukwangua udongo tabaka kwa tabaka. Wa kichwani unamkataza kuinua kigae kabla hajaandika kilikuwa tabaka gani na kando ya nini. Kigae kikishang'olewa bila maandishi hubaki pambo tu. Sheria ya nchi kuhusu mali za utamaduni, ya tarehe 15 Machi 1971, inazungumza kwa lugha ndefu ya kiserikali; kilimani neno mwiko linatosha.

Kwa watu wenyewe wa ziara lugha imetutendea vizuri bila sisi kujua. Kutalii zamani kulikuwa kusoma jambo kwa makini, kulichunguza, na mtalaa na mtaala ni ndugu zake wa shina moja la Kiarabu. Mtalii basi kwa asili ni mwanafunzi, ingawa wengi wao hawana habari. Ziara nayo imetoka katika kuzuru, na aliyekulia pwani anajua kwamba kinachozuriwa kwanza ni kaburi la mtu mwema. Ukimleta mgeni kwenye hame, maneno yote mawili yanafaa.

Tatizo ni ile ziara ya "mgeni mmoja, kiongozi mmoja". Waandishi wa vipeperushi huiita ziara binafsi, na kwa watu wa hapa binafsi ni shule ya kulipia au zahanati ya mtu. Wengine huandika ziara ya faragha. Somea watu neno hilo kwa sauti katika baa yoyote ya hapa mjini uone watakavyokutazama wewe na huyo mgeni wako. Mimi huandika "ziara ya kukodi kiongozi", maana kinachokodiwa ni mtu na muda wake, na kilima hakikodiwi. Kwa huyo kiongozi kuna neno zuri la misafara ya karne ya 19, kirangozi, yule aliyetangulia mbele ya wapagazi akiwa amevalia vazi lake la kumtambulisha, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Misafara ndiyo iliyokileta Kiswahili upande huu wa maziwa, pamoja na mabaya yake yote, na pengine ndiyo sababu neno halijarudi. Kijana anayeongoza wageni leo huitwa gide, analipwa kwa dola, na kinachoongezwa juu ya malipo ni matabishi. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, simu za kumwomba ni za nadra.

Kitu mashuhuri kuliko vyote cha mambo yetu ya kale hakipo kwenye ziara hizi. Mwaka 1950 mtafiti Jean de Heinzelin alipata huko Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, mfupa wa urefu wa sentimita kumi hivi, wenye kipande cha kwatzi kwenye ncha na safu tatu za chale. Jumlisha chale hizo utapata 60, 60 na 48. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, na uko Brussels. Wafaransa na Wabelgiji huuita fimbo, wengine huuita mfupa, na watu wanabishana kama ulikuwa wa kuhesabia au wa kitu kingine. Hukohuko Semliki, mahali paitwapo Katanda, zilipatikana ncha za mifupa zilizochongwa meno ubavuni, ambazo zinadhaniwa kuwa na umri wa miaka 80,000 au 90,000. Vitabu vya shule huziita "mikuki yenye miiba" na maelezo mengine marefu. Mvuvi wa Uvira hana haja nayo, wala Kiswahili hakina haja nayo: ni chusa. Wingi wake vyusa. Mtu aliketi kando ya maji, akachonga chusa, akasubiri kambare.

Yote haya vitabu vyetu huyaweka chini ya kichwa kimoja, "kabla ya historia", na hapo ndipo ninapokataa kutafsiri neno kwa neno. Karibu na Bukoba kuna kijiji cha Katuruka. Mwaka 1970 wazee wa Kihaya walimwonyesha mwanaakiolojia Peter Schmidt mahali palipohusishwa na mfalme Rugomora Mahe na habari za mnara wake wa chuma, penye mti mkubwa ulioitwa Kaiija, yaani mahali pa uhunzi. Alichimbua hapo, akakuta kazi ya chuma ya miaka karibu 2,500. Masimulizi yalikuwa yameshika mahali pale muda wote huo, na jina la mti lilikuwa limebaki likisema kilichokuwa chini yake. Ukisimama Katuruka huwezi kuonyesha kwa kidole historia inapoanzia na "kabla" yake inapoishia. Kwa hiyo katika tafsiri zangu naandika "zama za wahunzi". Mhariri mmoja hunirudishia kila mara, ameikata kwa kalamu nyekundu, na pembeni ameandika: istilahi rasmi tafadhali.