Mkonge wa Tanga: Namna Utafiti wa Uchumi Unavyopima Matokeo ya Sera

Mkonge ni zao la biashara ambalo kwa miongo mingi liliupa Mkoa wa Tanga ajira, reli yake mizigo na bandari yake meli. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takribani tani 230,000 za singa za mkonge na kuongoza duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kiasi cha tani 20,000 kwa mwaka. Anguko hilo ni miongoni mwa mifano iliyo wazi zaidi Afrika Mashariki ya swali ambalo utafiti wa uchumi hujaribu kulijibu: matokeo yanapoonekana, ni kiasi gani kimetokana na sera na ni kiasi gani kimetokana na soko la dunia?

Jibu la swali hilo linawahusu wakulima wadogo wa Korogwe, Muheza, Pangani na Handeni ambao leo wanahimizwa kupanda mkonge upya. Sababu ya anguko ikitambuliwa kimakosa, kosa lililolisababisha linaweza kurudiwa.

Chimbuko la zao

Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf, aliyekuwa akiitumikia Kampuni ya Ujerumani ya Afrika Mashariki. Miche aliyoagiza kutoka Florida, Marekani, ilikuwa takribani 1,000. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu, nayo ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yalienea mashamba makubwa kando ya reli kutoka Tanga kuelekea Korogwe, yakihudumiwa na vibarua wa mkataba waliojulikana kama manamba. Wakati wa Uhuru mwaka 1961, mkonge ulikuwa zao lililoongoza kuliingizia taifa fedha za kigeni.

Sababu zilizogongana

Maelezo mawili hutolewa mara kwa mara kuhusu anguko la zao hili. La kwanza linalitupia lawama soko, kwa kuwa kamba za plastiki zilianza kuchukua nafasi ya kamba za mkonge na bei ikaporomoka. La pili linailaumu sera, kwa kuwa baada ya Azimio la Arusha, mnamo Oktoba 1967, Serikali ilitwaa mashamba mengi makubwa na kuyaweka chini ya shirika la umma.

Mpangilio wa tarehe unaonesha kuwa hakuna maelezo yanayojitosheleza. Bei ya mkonge ilipanda sana mwaka 1963 na 1964, kisha ikaanza kushuka kabla ya utaifishaji. Kwa hiyo, sehemu ya anguko ilikwisha kuanza wakati mashamba yangali mikononi mwa watu binafsi, na baadhi ya wenye mashamba walikuwa tayari wamepunguza upandaji mpya.

Hata hivyo, mwaka 1974 ulileta jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Mafuta yalipanda bei duniani, kamba za plastiki zinazotokana na mafuta zikawa ghali, na bei ya mkonge ikapanda kwa kasi. Iwapo soko pekee ndilo lililokuwa kikwazo, uzalishaji wa Tanzania ungepaswa kusimama au kuongezeka. Badala yake, uliendelea kushuka mwaka hadi mwaka.

Ulinganisho na nchi nyingine

Njia ambayo wachumi huitumia katika mazingira kama haya ni kulinganisha maeneo mawili yaliyopatwa na jambo lilelile, huku moja likiwa limebadilisha sera na jingine halikubadilisha. David Card na Alan Krueger waliitumia njia hiyo nchini Marekani walipolinganisha migahawa ya New Jersey, ambako kima cha chini cha mshahara kilipandishwa mwaka 1992, na ile ya jimbo jirani la Pennsylvania, ambako hakikupandishwa. Mwaka 2021 Card alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi kutokana na tafiti za aina hiyo.

Kwa mkonge, majirani wa kulinganisha wapo. Kenya na Brazil ziliuza katika soko lilelile na kwa bei zilezile za dunia. Uzalishaji wa Kenya nao ulishuka, lakini si kwa kiwango cha Tanzania, iliyopoteza zaidi ya asilimia 90. Brazil iliongeza uzalishaji, na katika miaka ya 1970 ikawa ya kwanza duniani. Plastiki iliziathiri nchi zote tatu, kwa hiyo tofauti kati yake haina budi kutafutwa ndani ya kila nchi.

Ulinganisho huo una mipaka yake. Brazil ilitegemea zaidi wakulima wadogo wa maeneo makavu, ilhali Tanga ilitegemea mashamba makubwa yenye mitambo ya korona na vibarua wengi. Aidha, utaifishaji haukuja peke yake. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, thamani rasmi ya shilingi ilikuwa juu kuliko thamani yake halisi. Muuzaji wa nje alipobadilisha fedha za kigeni alipata shilingi chache, huku gharama za vibarua, vipuri na usafiri zikiongezeka. Mashamba yalikosa fedha za kupanda upya, na vibarua nao wakapungua.

Thamani ya shilingi ilipoanza kurekebishwa kwa kiasi kikubwa kuanzia mwaka 1986, uzalishaji haukurudi. Sababu imo katika mmea wenyewe. Mkonge huchukua takribani miaka mitatu kabla ya kukatwa kwa mara ya kwanza, na shamba lililoachwa kuwa pori haliwezi kufufuliwa na bei nzuri ya msimu mmoja. Sera iliyoharibu upandaji wa mwaka mmoja iliendelea kuonekana katika mavuno ya miaka mingi iliyofuata.

Ufufuaji na kipimo chake

Sheria ya Sekta ya Mkonge ya mwaka 1997 iliunda Bodi ya Mkonge Tanzania, yenye makao yake jijini Tanga, na mashamba ya umma yakabinafsishwa. Kuanzia mwaka 1999 wakulima wadogo waligawiwa maeneo katika mashamba ya Hale, Magoma, Magunga, Mwelya na Ngombezi wilayani Korogwe. Kituo cha utafiti cha Mlingano, wilayani Muheza, kinaendelea kuzalisha mbegu bora, ikiwemo H.11648 iliyotokana na kazi ya watafiti wa mkoa huu na ambayo pia hulimwa kwa wingi nchini China.

Mwaka 2020 Serikali ilitangaza mkakati mpya wenye lengo la tani 120,000 ifikapo mwaka 2025. Uzalishaji uliokuwa takribani tani 36,000 ulipanda na kuvuka tani 50,000. Sambamba na hilo, Bandari ya Tanga ilifanyiwa maboresho yaliyogharimu shilingi bilioni 429.1. Kina kiliongezwa kutoka mita 3 hadi mita 13, na gati lenye urefu wa mita 450 likawezesha meli kubwa kufunga bandarini badala ya kupakuliwa kwa matishari baharini.

Ongezeko hilo nalo linahitaji kupimwa kwa uangalifu uleule. Mche uliopandwa mwaka 2020 haukuweza kukatwa kabla ya mwaka 2023, hivyo ongezeko la kabla ya hapo lilitokana na mashamba ya zamani, ukataji bora au bei. Manufaa ya bandari yatabainika kwa kulinganisha gharama na muda wa kusafirisha shehena Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, kabla na baada ya maboresho.

Kwa mkulima mdogo, kipimo cha kwanza ni eneo linalopandwa upya kila mwaka. Tani zinazovunwa leo zinaeleza uamuzi wa miaka mitatu au zaidi iliyopita, na hekta zinazopandwa leo ndizo zitakazoamua kama korona ya kijiji itakuwa na majani ya kusindika miaka mitatu ijayo.