Ukumbi na Hadhira: Sinema katika Mji wa Unguja

Neno ukumbi halikuzaliwa pamoja na sinema. Katika nyumba za kale za mwambao, ukumbi ni mahali pa mbele anapopokewa mgeni kabla hajaingia ndani. Amekwisha kutoka njiani, lakini bado hajafika faraghani mwa mwenye nyumba. Nalo neno hadhira lina udugu na kuhudhuria: hadhira ni waliopo, watu waliofika kwa miguu yao. Basi Waswahili walipoliita jumba la sinema ukumbi, na watazamaji wake wakawaita hadhira, walikwisha kulijibu suali linaloulizwa sana siku hizi: ya nini mtu kutoka nyumbani na kulipa kiingilio, ilhali filamu hiyohiyo yatazamika kitandani katika simu ya mkononi?

Tuitazame historia ya mji mmoja. Mwaka 1921 ilijengwa Unguja, katika mtaa wa Vuga, sinema iliyoitwa Royal. Ramani yake ilichorwa na John Sinclair, yule yule aliyechora Beit el Amani, jumba la makumbusho lenye kuba lililofunguliwa mwaka 1925. Sinema hiyo baadaye iliungua, na mwaka 1955 pakasimama mahali pake jumba jipya lililoitwa Majestic. Mji ukawa pia na Empire, na Sultana, na Cine Afrique. Tukumbuke kuwa Mji Mkongwe ni mji ambao mtu mzima huuvuka kwa miguu kwa muda usiotimia nusu saa. Mji mdogo kama huo kubeba kumbi zote hizo si jambo la kupitiwa kimyakimya.

Watu walifuata nini humo? Walifuata filamu, hapana shaka, na khasa filamu za Kihindi. Lakini mwenye kusikiliza masimulizi ya wazee ataona kuwa filamu ni sehemu tu ya yale wanayoyakumbuka. Hukumbuka nguo za Sikukuu. Hukumbuka walanguzi wa tiketi waliosimama nje ukumbi ulipojaa, na vijana wa baiskeli waliokimbiza mikanda kutoka ukumbi mmoja hadi mwengine ili nakala moja ya filamu itosheleze kumbi mbili usiku mmoja. Na wanawake hukumbuka maonyesho yaliyokuwa yao peke yao, walipotoka kwa makundi na mabuibui yao, mama na binti na jirani, wakaingia mahali ambapo kicheko na kilio havikuhitaji ruhusa ya mtu.

Sasa chukua filamu moja, Awara, aliyoitengeneza Raj Kapoor mwaka 1951, na ambayo ilipendwa mno katika mwambao wetu. Hadithi yake ni ya jaji anayeamini kuwa mtoto wa mwizi hawezi kuwa ila mwizi. Kwa shaka tu, jaji huyo anamfukuza mkewe mwenye mimba; mtoto anakulia katika mitaa ya kimasikini, analelewa na mwizi, na mwisho anasimama kizimbani mbele ya baba asiyemjua. Wengi katika watazamaji wa Unguja hawakukijua Kihindi. Waliifahamuje? Waliifahamu pamoja. Aliyejua maneno mawili matatu alimnong'oneza wa pembeni. Aliyekwisha kuitazama jana alimtangulizia mwenziwe. Asiyejua lolote aliusoma uso wa Nargis na kusikiliza sauti ya wimbo. Mimi niliyepitisha miaka mingi katika kazi ya tarjuma nathubutu kusema kuwa ile ilikuwa tarjuma ya jamaa nzima, na mfasiri mmoja mwenye kamusi mbele yake haifikii.

Hadithi hiyo, tena, haikuangukia mahali patupu. Suali la nasaba, nani mtoto wa nani na asili yake wapi, lilikuwa suali letu. Kuanzia uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1957 hadi Mapinduzi ya mwaka 1964, ndizo zile tulizozoea kuziita zama za siasa, suali hilo liligawa maduka, likagawa maziko, likagawa hata jirani na jirani. Sisemi kwamba sinema iliuondoa utengano. Viti vyenyewe vilipangwa kwa bei, na mwenye nacho hakukaa na asiye nacho. Nasema tu kwamba watu waliokuwa wakibishana juu ya nasaba barazani waliweza kukaa chini ya dari moja, gizani, wakamlilia kijana yule yule aliyehukumiwa kwa nasaba yake. Chozi lile halikuuliza chama.

Hadhira ile haikuyaacha ya ukumbini yabaki ukumbini. Wapenzi wa ushairi wanajua jinsi mahadhi ya filamu za Kihindi yalivyoingia katika taarabu. Kule Mombasa, Mohamed Khamis Juma Bhalo alijenga jina lake kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi hayo, na miongoni mwa waliomtungia ni Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita. Ilimpasa mtunzi kupata mizani itakayokaa sawasawa katika sauti ambayo msikilizaji ameshaizoea, na maneno yenye uzito wa kusimama hata wimbo ukisha. Kazi hiyo isingalikuwa na maana lau wasikilizaji hawakuwa wamekwisha kuisikia sauti ile pamoja.

Husemwa kuwa televisheni ndiyo iliyoziua kumbi. Lakini Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, takriban miaka ishirini kabla ya Tanzania Bara, na kumbi ziliendelea kuwapo. Zilidhoofika baadaye, kanda za video zilipoenea katika miaka ya 1980 na majengo yakakosa matunzo. Video ilimpa mtu uhuru wa kuchagua saa na filamu, nayo ni neema. Ilimpa pia uhuru wa kumchagua wa kukaa naye, na hapo ndipo tulipopoteza kitu, kwani ukumbini hukumchagua jirani yako.

Tangu mwaka 1998, tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likionyesha filamu Ngome Kongwe, chini ya nyota, bila dari wala pazia la mahameli, na watu huenda. Basi tukitaka kujua ukumbi gani wastahiki kuendewa, tusianze kwa kupima ukubwa wa kioo wala ulaini wa viti. Tusimame mlangoni filamu inapokwisha. Wanaotoka wakitawanyika kimya, kila mmoja na njia yake, walikuwa watazamaji tu. Wakitoka wakibishana, wakiimba, na asiyejuana na mwenziwe akamuuliza, "Hivi yule baba, ungekuwa wewe, ungemsamehe?", basi hapo palikuwa na hadhira, na kiingilio hakikupotea.